Manjano Kwenye Pembe Nne

"Siombi msamaha," alisema Anjugam. "Mkitaka nifungeni, mkitaka nitundikeni hapo darini pamoja na hilo feni lenu bovu. Msamaha siombi."

Inspekta Poongodi Vairavan ndiyo kwanza alikuwa anaingia kituoni, hata kofia hajavua. Ilikuwa asubuhi ya Vijayadashami, siku ya kuanza mambo mapya baada ya sikukuu ya siku tisa. Nje, gari la polisi lilikuwa bado na mashada ya maua na majani ya mgomba, limepakwa manjano na kumkum, unga mwekundu wa ibada, tangu jana, siku ya kuziombea baraka zana za kazi. Hata bunduki kwenye rafu zilikuwa na vitone vyekundu kama mabibi harusi. Poongodi alikuwa amekwenda kwao kwa usiku mmoja tu. Katika usiku huo mmoja wenzake walikuwa wamepokea malalamiko, wamepekua karakana, wamekamata mtu na kuipamba kesi mpaka imependeza. Hilo ndilo lililomkera. Kesi inayopendeza mapema namna hiyo, mara nyingi kuna mtu ameipaka poda.

"Koteeswaran," alimwita konstebo wake. "Nieleze. Polepole, na usinirukie mambo."

Koteeswaran akaeleza. Bibi Rangamani, mkuu wa posta mstaafu, mwaka huu aliamua kuwatia watu midomo wazi. Kila nyumba ya Thanjavur inayojiheshimu hupanga wanasesere kwenye ngazi za sebuleni siku hizi tisa, majirani wakaja jioni kuimba na kula dengu. Yeye akapanga stempu. Kila ngazi na ufundi wake: masanamu ya shaba, hariri, mikeka, vinanda, vikaragosi vya ngozi. Na juu kabisa, peke yake, bahasha moja.

Bahasha yenyewe haikuwa na mwenzake duniani. Siku ilipotolewa stempu ya mwanasesere wa Thanjavur, yule wa kutikisa kichwa, mzee Govindan aliyemtengeneza mwanasesere huyo alichukua brashi akamchora upya kwa mkono wake kando ya stempu. Posta wakagonga muhuri wa siku ile. Mzee akapaka manjano kwenye pembe zote nne, kama inavyopakwa barua yoyote ya heri, akampa Bibi Rangamani. Mwaka haukwisha mzee akafariki.

"Jana jioni ikaibwa," alisema Koteeswaran. "Leo alfajiri tumeikuta karakana kwa huyu mama, bintiye mzee Govindan. Ilikuwa chini ya brashi zake, mbele ya picha ya mungu Saraswati."

"Nani aliwaambia mkapekue kule?"

"Bwana Natesan, katibu wa chama cha wakusanya stempu. Jana kwa Amma Rangamani wanawake wote walimsikia huyu mama akisema bahasha ni ya baba yake, ingependeza irudi nyumbani. Bwana Natesan akaja nasi mwenyewe, maana sisi stempu tunajua kuzilamba tu."

"Nilisema!" Anjugam alidakia kutoka kwenye benchi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye rangi za kupaka wanasesere zilizokauka chini ya kucha. "Na nitasema tena. Kutamani cha baba yako ndiyo kuiba? Basi kamateni mji mzima."

"Mrakibu Sabanayagam anasemaje?" aliuliza Poongodi.

"Anasema huyu mama aombe msamaha kwa maandishi, Amma Rangamani afute malalamiko, mambo yaishe kabla ya mchana. Asipotaka, jalada liende kwa hakimu."

"Liende," alisema Anjugam. "Nikiomba msamaha leo, kesho mtoto wa jirani ataniita mwizi na nitakuwa nimemwandikia mwenyewe."

Poongodi alivuta kiti akakaa mbele yake, magoti kwa magoti.

"Dada, mara ya mwisho kuzigusa brashi zako ni lini?"

"Jana asubuhi, nilipozilaza mbele ya Saraswati. Hivi wewe umezaliwa nyumba gani hata uniulize? Chombo kikishalazwa hakiguswi mpaka ibada ya puja ifungwe. Walioziinua brashi zangu ni hawa wenzako. Na viatu miguuni!"

Koteeswaran alivitazama viatu vyake akavirudisha chini ya meza.

"Bahasha ilikuwa bado iko kwa Bibi Rangamani jana jioni," Poongodi alisema taratibu. "Kwa hiyo aliyeiweka pale aliinua zana zilizokwisha kulazwa."

"Ndiyo. Mtu wa ufundi hafanyi hivyo hata akiwa mwizi."

"Hakimu hatalipokea hilo."

"Basi huyo hakimu hana mama."

Poongodi alijizuia kucheka. Alivaa glavu, akaitoa bahasha kwenye mfuko wa ushahidi, akasogea nayo dirishani pamoja na lenzi. Mwanasesere wa mzee Govindan alikuwa amekaa palepale, sketi yake duara, jicho moja kubwa kidogo kuliko lingine. Pembe tatu zilikuwa njano tupu. Ya nne, chini upande wa kulia, ilikuwa na wekundu.

"Kumkum hiyo," alisema Koteeswaran begani kwake. "Bwana Natesan ndiye aliyetuonyesha. Kaiabudu bahasha pamoja na brashi zake, kidole chenye kumkum kikamponza. Ushahidi umekaa sawa."

"Umekaa sawa mno. Lete macho yako hapa. Kumkum ni unga. Unauona unga?"

"Siuoni, Afande."

"Wekundu huu umezama ndani ya karatasi. Na ni dole gumba. Unaiona mistari? Unaliona hili kovu lililopita mshazari katikati? Sasa niambie, kwa nini ni nusu?"

Koteeswaran alikodoa. Kweli dole lilikuwa nusu. Wekundu uliishia pale manjano yalipoishia, umekatwa kama kwa mkasi. Poongodi akaiinamisha bahasha mpaka mwanga ukapita juu yake ubavuni. Kwenye karatasi nyeupe, nje ya manjano, ile nusu ya pili ya dole ikajitokeza, vumbi jembamba jeupe ambalo mtu akitazama moja kwa moja halioni.

"Dada yako anaolewa mwezi ujao, sivyo?"

"Ndiyo, Afande. Kadi zimetoka jana."

"Siku hiyo mama yako atamzungushia maji gani usoni, kumwondolea husuda?"

"Maji mekundu ya aarathi."

"Yanapata wapi wekundu?"

"Si unachanganya manjano na chokaa..." Koteeswaran aliiinamia tena bahasha.

Hakutaka kuamini mpaka aone. Poongodi naye hakutaka kuamini mpaka aone. Ndivyo alivyofundishwa kazi. Alichota manjano kwenye sinia la puja la kituo, akaloweka, akapaka kwenye karatasi chakavu na kusubiri ikauke. Koteeswaran akavuka barabara kwa muuza tambuu, akarudi na chokaa ya kutafunia kwenye kipande cha jani. Poongodi akaigusa, akakandamiza dole nusu juu ya manjano, nusu nje. Nusu ya ndani ikageuka nyekundu papo hapo. Nusu ya nje haikuonekana.

"Kwenye karatasi nyeupe chokaa inajificha," alisema. "Kwenye manjano inapiga kelele. Dada Anjugam, unatafuna tambuu?"

"Tambuu?" Uso wa Anjugam ulibadilika. "Baba yangu aliliwa shavu lote na kansa ya tambuu, namwona hivi. Jani lile nanunua la miungu na la wageni. Chokaa haivuki kizingiti changu. Ninuse mikono, ninuse na mdomo ukitaka."

Poongodi hakumnusa. Alimchukua alama za vidole kwa utaratibu, akalikagua dole gumba la kulia na la kushoto kwa lenzi. Hapakuwa na kovu. Alisimama.

"Asiombe msamaha," alimwambia askari wa zamu. "Na mtu yeyote asimshawishi. Mpe chai."

Nyumba ya Bibi Rangamani ilinukia maua ya jana. Mwenyewe alikuwa mrefu, mkavu, miwani shingoni kwa kamba, na alizungumza kama bado yuko dirishani posta na foleni imefika barabarani.

"Walinicheka," alisema mbele ya ngazi zake za stempu. "'Rangamani amezeeka, amepanga karatasi!' Nikawaambia, karatasi hizi zimefika Japani. Wanasesere wenu hawajafika hata stendi ya basi. Wafinyanzi, wasusi, wachonga vinanda, nani aliwajua? Stempu ndiyo iliyowatoa."

Kwenye ngazi ya juu palikuwa na mfuko mtupu wa plastiki. Mwizi aliitoa bahasha akauacha mfuko.

"Jana jioni wageni uliwapa tambuu, Amma?"

"Tambuu, popoo, manjano, kumkum. Nitamtoaje mgeni mikono mitupu?"

"Na chokaa?"

"Chokaa ya nini? Ni tambuu za heshima, si za kutafunia hapa."

"Basi nani aliyekuwa hapa anatembea na chokaa yake?"

"Labda shemeji yangu, Kuppusamy."

Koteeswaran alinyanyuka kama aliyekaa juu ya siafu. Lakini mzee Kuppusamy alipoitwa, alikuja akiburuza miguu, hana jino hata la dawa. Tambuu yake hutwangwa kwenye kinu kidogo, na anayetwanga na kutia chokaa ni mkamwana wa Bibi Rangamani. Huyo mkamwana jana jioni alikuwa na kinanda mapajani mbele ya wageni wote, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Poongodi aliyatazama madole ya wote wawili hata hivyo; yalikuwa laini, bila kovu. Koteeswaran akakaa tena.

"Hakuna mwingine?"

Bibi Rangamani alivaa miwani, akaivua. "Natesan alikuja kufunga taa ya ngazi ya juu. Lakini Natesan ni mwenzetu, mwanangu. Stempu haigusi kwa mkono. Kibano kinalala mfukoni mwake."

"Na Anjugam? Huyo si mwenzenu? Ngazi yote hii ni kazi ya watu kama yeye."

Bibi Rangamani aliugeukia ule mfuko mtupu, akaunyoosha. Poongodi hakumngoja.

Natesan aliwapokea dukani kwake kwa bashasha zote. Lilikuwa duka jembamba, albamu mpaka darini, na mwenyewe kajaza kiti, shati jeupe pe, kibano mfukoni. Mbele yake palikuwa na majani ya tambuu na kikopo cha shaba.

"Karibu, Inspekta! Yule mama ameshaomba msamaha?"

"Anakaza shingo."

"Ndivyo walivyo. Serikali inawapa heshima ya stempu, wao wanaipaka manjano kama chungu cha biriani! Bahasha ya thamani vile, ukiipeleka kwenye mashindano majaji wanaandika 'imechafuka'. Sasa na kumkum juu yake. Imekwisha ile."

"Uliiona kwa karibu?"

"Leo alfajiri, tulipoikuta."

"Uliishika?"

"Niishike?" Natesan alicheka kwa dharau kidogo. "Mkusanyaji wa kweli hashiki kwa mkono. Niliiinua kwa kibano nikaitia kwenye mfuko. Muulize konstebo."

"Ni kweli, Afande," alisema Koteeswaran.

"Na jana jioni?"

"Jana nilipanda kiti, nikafunga taa, nikashuka. Tangu Govindan ampe Rangamani bahasha ile, kidole changu hakijaigusa. Naapa kwa Murugan."

"Tuyaandike hayo, mzee. Ni utaratibu tu."

Natesan aliyataja maelezo yake mwenyewe, neno kwa neno, akafurahishwa na jinsi yanavyosikika, akatia sahihi kwa kalamu ya dukani. Kisha, kazi ikiwa imekwisha, alifungua kikopo cha shaba, akachota chokaa kwa dole gumba, akapaka jani, akalikunja na popoo yake na kulitupia shavuni.

Poongodi alimtazama Koteeswaran. Koteeswaran akatoa kadi kifuani. Ilikuwa kadi ya harusi, pembe zake nne njano mbichi. Akainama na kuitoa kwa mikono miwili.

"Mzee, dada yangu anaolewa mwezi ujao. Ukija utakuwa umetupa baraka."

Mwaliko wa harusi haukataliwi, wala haupokelewi kwa mkono mmoja. Natesan alinyanyuka, akaupokea kwa mikono miwili, akaugusisha machoni kwa adabu. Alipoushusha, chini ya dole gumba lake la kulia pembe ya njano ilikuwa nyekundu.

"Usiiweke chini, mzee," alisema Poongodi. "Ishike hivyohivyo."

Akaipiga picha. Akaweka juu ya meza picha ya pembe ya bahasha, iliyokuzwa. Madole mawili mekundu yalilala ubavu kwa ubavu, na katikati ya kila moja kovu lile lile la mshazari.

"Kovu la nini hilo?"

"Wembe," alijibu Natesan kabla hajafikiri. Halafu akafikiri. "Inspekta, wanaotafuna tambuu Thanjavur ni nusu ya mji."

"Wenye kovu hilo ni mmoja. Mtaalamu wa alama atanithibitishia. Na huyo mmoja ametia sahihi sasa hivi kwamba hajawahi kuigusa bahasha."

Natesan alitema tambuu yake kwenye kopo. Aliponena, sauti ilikuwa ya mtu aliyeonewa.

"Nilitaka kuiokoa. Kuna bwana mmoja huko mjini Chennai, mkusanyaji, angeiweka pahali pake. Manjano hutoka kwa jua, mimi najua kuyatoa bila kuumiza wino. Taa ilikuwa bado haijawaka, wanawake wanaimba, nikaivuta kwa haraka. Kibano kilikuwa mkono mwingine na bisibisi! Nilipofika nje nikaona wekundu umetokea nilipoishika. Yule bwana hangeitaka tena."

"Ungeirudisha."

"Niirudishe na dole langu juu yake?"

"Ukaona afadhali umpelekee Anjugam."

"Kwao si manjano na kumkum kila mahali? Angeomba msamaha, Rangamani angemsamehe, yangeisha. Nani angejali?"

"Yeye," alisema Poongodi. "Twende."

Waliporudi kituoni, Mrakibu Sabanayagam alikuwa amekwisha kufika, shanga za sikukuu shingoni, na Bibi Rangamani kando yake. Natesan alipelekwa mahabusu bila kutazama mtu. Mrakibu alisikiliza ripoti yote akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kazi safi. Sasa tumalize kiungwana," alisema. "Natesan ni mtu mzima, ana jina mjini. Bahasha imepatikana. Mama huyu atie sahihi hapa kwamba hana dai na mtu, aende zake akafunge puja yake." Karatasi ilikuwa imekwisha kupigwa chapa.

Bibi Rangamani alimsogelea Anjugam. Sauti yake ya dirishani haikuwepo.

"Anjugam, walipokutaja mimi nilinyamaza. Nimekukosea. Ichukue bahasha. Irudi kwenu."

Anjugam aliinuka kwenye benchi.

"Ulinyamaza, Amma, na niliumia kuliko nilivyoumizwa na hawa wenye viatu. Lakini umesema mbele yao, basi kwako nimemaliza. Bahasha baba alikupa wewe, na alichotoa baba yangu mimi sikirudishi. Iweke juu palepale. Wekundu huo usiufute. Wakiuliza, waambie umetoka kwenye dole la nani."

"Nitawaambia," alisema Bibi Rangamani, na machozi yakamtoka bila kuyaficha.

"Vizuri, vizuri," alisema Mrakibu. "Basi sahihi, mama."

Anjugam aliichukua ile karatasi. Aliisoma yote, mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Kisha akaikunja na kumrudishia.

"Hii siyo."

"Mama, leo ni siku njema. Usiianze kwa ugomvi."

"Ndiyo maana naianza leo. Siku kama hii baba alinishika kidole akaniandikisha herufi ya kwanza kwenye sinia la mchele. Kinachoanzwa Vijayadashami kinafika mwisho. Nataka kufungua kesi. Mtu kaingia kwangu, kainua zana zangu, kaniwekea wizi chini yake. Sheria lazima iwe na jina la jambo hilo. Mimi silijui. Inspekta analijua."

Mrakibu aligeuka. "Inspekta, kalamu za kituo bado ziko kwenye puja. Mwambie aje wiki ijayo."

Poongodi alizijua wiki zijazo za Mrakibu. Alizijua pia barua za uhamisho, zinazompeleka mtu kituo ambacho hata mbwa wake wamechoka. Alitembea hadi kwenye sinia, akafumba macho kidogo mbele ya Saraswati, akaitoa kalamu yake chini ya maua na kuipangusa manjano. Alikaa mezani akafungua jalada jipya.

"Jina?"

"Anjugam, binti Govindan."

"Kazi?"

"Asubuhi wenzako waliniandika kibarua. Wewe andika msanii. Kama baba."

Poongodi aliandika.

"Inspekta," alisema Mrakibu, "nimekwambia..."

"Nakusikia, Afande," alisema Poongodi bila kuinua kichwa. "Unamlalamikia nani, dada?"

Anjugam alivuta kiti karibu na meza, akajibu kwa sauti ya kufika mpaka mahabusu.

"Natesan. Na jina lake liandike kwa herufi kubwa."